Saa Saba za Kunyamaza

Wodi ya watoto
Jumatatu, 3 Machi

Mdogo wangu Kitinda,

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu sisemi neno likaisha. Mwanao ana masikio ya sungura. Nikipokea tu, ananipangia la kusema: "Mwambie mama nimekula. Mwambie mama sikulia. Mama Mkubwa, mbona humwambii?" Mlimwita Chiriku, na kwa miaka saba hajawahi kuliangusha jina. Dereva wa gari la maziwa amekubali kutubebea barua. Anashusha hapa asubuhi, alasiri yuko kwenu.

Habari ni njema. Dawa za saratani za duru hii zimeisha jana. Nywele hana hata moja, na anasema kichwa chake sasa kinaoshwa haraka kuliko sahani. Kinga ndiyo imeshuka chini kabisa, kwa hiyo tunanawa mikono mpaka ngozi inalalamika.

Ule mrija wa kifuani uliokuwa unakutisha kwenye picha tumeshauzoea. Unaingilia chini ya bega la kulia, unakwenda mpaka kwenye mshipa mkubwa karibu na moyo, na dawa zote zinapita humo. Hachomwichomwi tena mikononi. Pale unapoingilia pamefunikwa na bandiko la plastiki angavu. Tumeambiwa lisilowe wala lisiachie, na mtoto akipata joto hata kidogo, usingoje, sema papo hapo.

Muuguzi wa asubuhi Chiriku amempa jina, Sista Subiri. Kila akitaka kuufungua mrija anaufuta mdomo wake kwa spiriti, kisha anainua kidole: "Subiri, ikauke." Hata daktari awe amesimama mlangoni na haraka zake, huyu anasubiri. Leo alinishika bega mbele ya akina mama wote. "Mtazameni mama huyu. Tangu waje, bandiko la mtoto wake halijainuka hata kona. Jifunzeni kwake." Kitinda, mimi fundi cherehani wa miaka ishirini, magauni ya maharusi yamepita mikononi mwangu, lakini sijawahi kuvimba kichwa namna ile.

Wanasema mambo yakienda hivi, Ijumaa tunaruhusiwa kuja nyumbani siku kumi. Pumzika mshono wa uzazi upone. Mbusu mtoto mchanga.

Dada yako


Nyumbani
Jumanne, 4 Machi

Shikamoo dada,

Ijumaa! Nimeisoma barua mpaka karatasi imelegea. Baba Chiriku ameshaanza kupaka rangi chumba.

Dada, nakuomba kitu kimoja. Safari hii wasiturudishe nyuma. Mara ya kwanza walisema Jumatatu, ikawa wiki mbili. Ukiona wanaanza kutafuta sababu, wewe ndiye unayejua kusema na watu. Mtoe. Kama ni kikohozi kidogo, atapona huku. Mdogo wake ana siku kumi na tisa na hawajaonana. Mimi mshono umenifunga, hata ndoo siinui, nimekaa hapa kama mama wa nusu. Usipomleta Ijumaa, sijui nitakuwaje.

Sikukupa wewe mwanangu kwa kukosa mtu. Katika ukoo mzima hakuna mwenye mikono misafi kama yako. Marehemu mama alikuwa akisema hata vumbi linakuogopa.

Mdogo wako


Hospitali
Jumamosi, 8 Machi

Kitinda,

Baba Chiriku ameshakwambia tuko chumba cha wagonjwa mahututi. Mimi sikuweza kuja kwenye simu. Acha nikueleze.

Alhamisi saa saba mchana Sista Subiri alikuja kuusafisha mrija kwa maji ya chumvi, kama kila siku. Akamaliza, akaenda kwa mtoto mwingine. Haikupita robo saa Chiriku akaanza kutetemeka. Si kwa baridi ya kawaida. Kitanda kilikuwa kinagonga ukuta. Akanishika mkono, meno yanagongana, akasema, "Mama Mkubwa, nizime." Kama vile yeye ni mashine na mimi nina swichi.

Joto lilifika arobaini, kisha presha ikaanguka. Wakaja wengi, mimi nikasukumwa kando. Daktari anasema vimelea vimeingia kwenye damu kupitia mrija, na kwa mtoto asiye na kinga hiyo ni njiti ya kiberiti kwenye nyasi kavu. Wanampa dawa kali. Leo amefumbua macho mara mbili lakini hajasema kitu. Mwanao, Kitinda, hajasema kitu.

Utauliza vimeingiaje. Wanasema mara nyingi ni pale mrija unapofunguliwa, mikono au vifaa visipokuwa safi. Wa mwisho kuufungua ni muuguzi yule. Mimi simsemi mtu. Nasema tu yaliyotokea.

Dada yako


Nyumbani
Jumatatu, 10 Machi

Dada,

Wewe humsemi mtu, basi mimi nitasema. Nimeandika kurasa mbili kwa muuguzi mkuu na dereva amezipeleka asubuhi hii. Nimeandika siku, saa, na kwamba mtoto alikuwa mzima mpaka mwanamke yule alipomgusa. Nimetaka asiguse tena mtoto wa mtu. Kidole juu, subiri, subiri, kumbe maigizo!

Asante kwa kuwa macho. Bila wewe tungeambiwa ni bahati mbaya tukanyamaza.

Mdogo wako


Hospitali
Alhamisi, 13 Machi

Kitinda,

Ameongea. Neno la kwanza lilikuwa "kiu", la pili "nani amechukua kofia yangu". Jana walimpeleka chumba cha upasuaji wakautoa mrija. Damu waliyoipima maabara imeonyesha vimelea vya aina inayokaa kwenye ngozi ya kila mtu. Sasa wanajua dawa ya kuvipiga nayo. Lakini matibabu ya saratani yamesimama, wiki tatu au nne, mpaka mwili upate nguvu. Daktari hakufurahia kulisema hilo, nami sikufurahia kulisikia.

Malalamiko yako yamefika. Sista Subiri hayuko wodini tangu juzi. Wamempeleka stoo ya mashuka mpaka uchunguzi uishe. Nafikiri labda tungengoja kwanza, Kitinda. Hasira hasara. Mambo ya vimelea hata madaktari wenyewe hawana uhakika.

Dada yako


Nyumbani
Jumamosi, 15 Machi

Dada,

Nashukuru ameongea. Nimelia mpaka mchanga akalia na yeye.

Habari za kungoja sitaki. Habari za mtu yule pia usiniandikie tena. Niandikie za mwanangu tu.

Mdogo wako


Hospitali
Jumatano, 19 Machi

Kitinda,

Nimetoka ofisini kwa muuguzi mkuu sasa hivi. Nimeketi kwenye benchi la korido na kalamu nimeiazima kwa mfagiaji. Nikingoja mpaka nifike kitandani kwa Chiriku sitaandika.

Si yeye. Ni mimi.

Jumatano ile, siku mbili baada ya kusifiwa mbele za watu, joto lilikuwa kali na mtoto akaniomba acheze na maji kwenye beseni. Miguu tu, akasema. Nikamkubalia. Ulishawahi kumwona Chiriku akaishia miguu? Nilipogeuka kuchukua taulo, alikuwa ameshajimwagia kikombe kizima kifuani, anacheka. Bandiko lililowa, na kona ya chini ikainuka.

Nilijua la kufanya. Hatua ishirini mpaka meza ya wauguzi. "Sista, limelowa." Basi, wangelibadilisha kwa dakika kumi. Lakini niliwaza: nitapitaje mbele ya wale akina mama walioambiwa wajifunze kwangu? Nikawaza Ijumaa pia, na wewe. Kwenye mkoba wangu wa kushonea nina plasta ya kufungia vidole ninapojichoma sindano. Nikapafuta kwa taulo, nikakata plasta, nikaibandika ile kona. Niliibandika vizuri, Kitinda. Hilo ndilo linalonitapisha. Nilirudi nyuma nikaitazama kama ninavyotazama pindo nililolimaliza, na nikaridhika.

Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi nilimshika paji la uso, likanichoma. Nilimpa dawa ya kutuliza homa niliyokuwa nayo. Sista Subiri alipopita saa moja na kipimajoto, joto lilikuwa linaanza kushuka. Akasema, "Huyu mbona ana joto kidogo?" Nikamjibu kwa sauti yangu hii unayoijua, ile ya kuwatuliza wateja, "Ah, ni blanketi tu, Sista. Anapenda kujifunika gubigubi." Akaniamini. Kwa nini asiniamini? Mimi ndiye yule wa kujifunza kwake.

Kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa saba mchana. Saa saba nzima nilizihesabu, nikimtazama, nikisema moyoni, itapita, kesho tunaondoka. Alipoanza kutetemeka, na Sista ndiyo kwanza ametoka kuushika mrija, kitu cha kwanza nilichohisi si hofu. Nilihisi nimepata pa kujificha. Nakuambia hivyo ili ujue dada yako ni mtu gani. Watu walipokuwa wanamkimbilia, nilipenyeza mkono nikaibandua ile plasta, nikaitia kwenye kiganja. Ilikuwa na joto lake.

Sikuja kusema kwa ushujaa. Jana niliagizwa shuka safi stoo. Nikamkuta anakunja mashuka, nusu ya stoo ameshaipanga upya. Akaniuliza, "Chiriku anakula?" Nikasema anakula. Akasema, "Nimeandika maelezo yangu. Nimesema huenda siku ile sikungoja spiriti ikauke. Sikumbuki hivyo, lakini siwezi kuapa. Kama ni mimi, mnisamehe."

Mtu anaomba radhi kwa kosa langu, Kitinda, na mimi nimekumbatia shuka.

Muuguzi mkuu alinisikiliza bila kuandika. Akauliza swali moja tu: "Mama yake anajua?" Nikasema atajua leo.

Sitajitetea kwa barua yako ya tarehe nne. Wewe uliomba, mimi ndiye niliyekuwa na mtoto mikononi.

Dada yako, kama bado unalitaka neno hilo


[Kikaratasi, kilichokunjwa mara nne]

Wodini, Ijumaa, 21 Machi

Nimefika na mchanga. Nakuandikia kwa sababu nikifungua mdomo mbele ya watoto wa watu nitasema nisiyoweza kuyarudisha.

Fungasha vitu vyako. Gari la maziwa linaondoka saa nane. Muage mtoto kwa kucheka, usimlilie. Hajui kitu, na hatajua kwa mdomo wangu.

Mama Chiriku


Wodi ya watoto
Jumatano, 26 Machi

Mama Mkubwa wa Chiriku,

Nimerudi wodini juzi. Chiriku ndiye aliyenipa habari kwamba umeondoka, pamoja na habari nyingine zote za jengo hili ambazo sikuziuliza. Yuko vizuri. Homa hana siku ya saba sasa.

Wenzangu wanasema nikushukuru kwa kuniokoa. Sikushukuru, na naomba usinielewe vibaya. Kwa karibu wiki mbili nilikaa na yale mashuka nikiirudia siku ile kichwani. Mwishoni nilianza kuuona mkono wangu ukikosea, wazi kabisa, kosa ambalo sikulifanya. Aibu inaweza kumfundisha mtu kukumbuka uongo. Nadhani na wewe unaijua hiyo biashara.

Nikuambie mambo mawili kwa uwazi, maana wewe umekuwa wazi. Hakuna anayeweza kuapa kwamba vimelea vile viliingia kwa maji ya beseni. Havina kitambulisho. Mrija ule ulifunguliwa mara kadhaa wiki hiyo, na mimi na wenzangu ni binadamu. Bandiko ningekusamehe siku hiyohiyo, ningekutania na tungelibadilisha. Lakini ungeniambia saa kumi na mbili asubuhi kwamba mtoto ana homa, saa moja na nusu angekuwa ameshaanza dawa, na huenda asingefika chumba kile cha mahututi. Zile saa siwezi kukupunguzia. Ni zako.

Nami nina langu. Nilikusifu mbele ya watu. Niliona inakupendeza, nikadhani nafundisha. Sasa najua nilikuwekea ngazi ndefu ya kushuka. Mama aliyesifiwa hawezi tena kuja kuniambia limelowa. Sitamsifu tena mtu kwa namna ile.

Kila Jumatano saa nne tunakutana na wazazi wapya kwenye ukumbi mdogo wa kliniki, chini. Huwa nawaeleza kuhusu mirija, wanaitikia kwa vichwa, halafu nusu yao wanaficha. Nataka waelezwe na mtu aliyeficha. Jumatano ijayo, ukiweza. Usipoweza, nitaelewa, ila sitaacha kukuomba.

Muuguzi wa zamu ya asubuhi


Nyumbani
Ijumaa, 28 Machi

Sista,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, cherehani ikiwa na nguo ya mtu nusu imeshonwa. Wateja wananiuliza mtoto anaendeleaje na ninawajibu vizuri, vizuri, huku nikiinamia uzi.

Nitakuja. Mdogo wangu hajaniandikia tangu kile kikaratasi, kwa hiyo wodini sitapanda. Nitaingilia mlango wa kliniki na kutokea huohuo. Naomba usimwambie. Sitaki adhani nimekuja kumlazimisha.

Mama Mkubwa wa Chiriku


Wodi ya watoto
Alhamisi, 3 Aprili

Shikamoo dada,

Sista hakuniambia. Ni Chiriku. Alikuwa dirishani, akapiga kelele, "Mama Mkubwa anapita chini na viatu vyake vya harusini!" Nikampa mama wa kitanda cha jirani amshike mchanga, nikashuka ngazi. Mlango wa ukumbi ulikuwa wazi nusu. Nilisimama nyuma yake kama mwizi.

Nilikusikia tangu mwanzo. Hukupunguza kitu. Plasta uliitaja, na blanketi ulilitaja, na hata lile la kupata pa kujificha, ambalo nilipolisoma kwenye barua niliitupa barua chini. Sauti ilikukatika mara moja tu, pale uliposema "nizime". Ulipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Ulichukua mkoba, ukainamisha kichwa, ukapita karibu yangu hatua mbili bila kuniona.

Ulikimbia mapema mno. Acha nikuambie kilichofuata, maana hukukiona.

Mtu alikohoa. Kisha baba mmoja, jitu la miraba minne, fundi wa magari, bado ana girisi kwenye kucha, alisimama katikati ya mstari na binti yake mdogo begani. Alisema kwa sauti ndogo isiyolingana na mwili ule, "Sista, naomba uje umtazame huyu." Sista akamwambia asubiri kidogo amalizie. Akasema, "Sisubiri, Sista. Limeachia tangu jana. Niliogopa mtaniona sijui kulea. Mama yake hayupo, niko peke yangu." Akamfungua mtoto vifungo vya gauni, mbele ya watu wote. Sista aliacha karatasi zake zikadondoka sakafuni akamwendea.

Kabla hawajatoka mlangoni, bibi mmoja alikuwa ameshainua mkono. Mjukuu wake alikuwa na joto asubuhi.

Nilirudi juu nikakaa kwenye kiti, nikampakata mchanga.

Dada, sijakusamehe. Sitaki kukudanganya kwa sababu ya maneno mazuri ya ukumbini. Kuna asubuhi naamka nikiwaza zile saa saba na mwili mzima unakuwa wa moto. Lakini kuna langu ambalo sikuwa nimelisema. Barua yako ya tarehe kumi na tatu, ile ya hasira hasara, niliisoma nikajua. Sikujua nini, lakini nilijua kuna kitu. Nimekaa na wewe maisha yangu yote, na wewe hujawahi kumtetea mtu aliyeniumizia mwana. Ndiyo maana nikakuandikia usinitajie tena mtu yule. Nilitaka awe yeye. Akiwa yeye, ninabaki na dada, na ninabaki sikuandika ile "mtoe, hata akiwa na kikohozi". Mwanamke wa watu akaendelea kukunja mashuka siku nyingine nne kwa sababu mimi sikutaka kuuliza.

Juzi nilimwomba radhi. Alisema, "Nimekusikia, mama." Hakusema "usijali". Nilimheshimu kwa hilo.

Jumatatu Chiriku anawekewa mrija mpya, upande wa kushoto, na dawa zinaendelea. Daktari anasema tumechelewa lakini hatujapotea. Wanataka watu wawili wa familia wafundishwe upya kuutunza, na kuna fomu ya kujaza, mistari miwili. Wa kwanza nimejiandika mimi. Wa pili nilikaa nao tangu asubuhi mpaka mchana. Baba Chiriku yuko kazini, shangazi yake anaogopa damu. Nimeandika jina lako, na si kwa kukosa mtu, ingawa mara ya kwanza nilijiambia hivyo. Nilitafuta mtu ambaye akiona kona imeinuka atapiga kelele mpaka jengo zima lisikie.

Mafunzo ni Jumatatu saa tatu. Panda ngazi, uje mpaka wodini.

Mdogo wako